Kutembelea Calanques za Marseille mwezi wa Julai bila kuziharibu: naomba ushauri

BintiPangani

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Mama yangu mzazi amekuja kutoka Tanga kukaa nasi Brussels msimu huu wa joto, na katikati ya Julai tumepanga kwenda naye Marseille, kusini mwa Ufaransa, pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine wa kumi na mmoja. Watoto wameona picha za Calanques, zile ghuba nyembamba zinazoingia katikati ya miamba myeupe ya chokaa baina ya Marseille, Cassis na La Ciotat, nao wameshakata shauri kwamba lazima waogelee Sugiton na En-Vau. Mume wangu yeye angependa tukodi boti ndogo, ili mama asipate taabu ya kupanda na kushuka vilima.

Ninafahamu kwamba eneo hilo limekuwa hifadhi ya taifa tangu 2012, na kwamba baadhi ya sehemu zake zimewekewa ukomo wa idadi ya wageni kwa siku. Sipendi kufika mahali pa watu, tena mahali palipohifadhiwa, nikiwa sijui kinacholindwa ni nini wala kinaharibiwaje. Sipendi pia wanangu wakue wakiamini kwamba mtu akishalipa nauli ya treni amepata haki ya kukanyaga popote. Nimekulia kando ya bahari, na nimeona jinsi ufukwe unavyochakaa katika muda mfupi kwa sababu kila anayefika anajihesabu kuwa ni mmoja tu.

Kwa hiyo ninaomba ushauri wa wale wanaoishi huko au waliokwisha kwenda. Je, Sugiton na En-Vau ni chaguo la busara kwa mwezi wa Julai? Boti ina madhara kidogo kuliko miguu, au ni kinyume chake? Na je, kuna mahali ambapo mama wa miaka sabini, ambaye goti linamsumbua, anaweza kuifurahia bahari hiyo bila kulazimika kushuka majabali? Mambo ya kutotupa taka na kutochuma maua tunayajua. Ninachotafuta ni yale ambayo mgeni hawezi kuyajua mpaka aambiwe.

Mngazidja_wa_Marseille

Dada, karibuni sana, na unifikishie shikamoo kwa mama. Mimi ni Mkomori niliyesomea Zanzibar na sasa ni mkazi wa hapa, mji ambao Wakomori tumekuwa wengi kiasi kwamba mama hatajiona mgeni sana akipita sokoni.

Nitaanza na moto, kwa sababu ndilo jambo ambalo wageni wengi hulichukulia kuwa ni ukiritimba wa serikali. Kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Septemba, ruhusa ya kuingia katika vilima vya Calanques hutegemea hatari ya moto ya siku husika. Ofisi ya mkoa hutangaza jioni ramani ya kesho yake kwa rangi, na siku ikishawekwa nyekundu hakuna kuingia, hata kama mmesafiri kutoka Ubelgiji kwa ajili hiyo tu na hata kama mbingu ni safi bila wingu. Kwa kweli siku yenye mbingu safi kabisa ndiyo mara nyingi inayotisha, maana ndiyo siku ya mistral, ule upepo mkavu unaoshuka kutoka kaskazini kupitia bonde la mto Rhône na kukausha misonobari na vichaka hadi vinalia chini ya mguu. Tarehe 8 Julai 2025, moto ulioanzia kwenye gari lililoungua huko Les Pennes-Mirabeau, kaskazini mwa jiji, ulisukumwa na upepo huo mpaka ukaingia katika mitaa ya Marseille, na uwanja wa ndege ukafungwa kwa saa kadhaa. Moto huo haukuigusa hifadhi, lakini ulitosha kumwonyesha kila mkazi kasi ya jambo lenyewe. Sasa fikiria mko chini kabisa ya calanque, nyuma yenu bahari, mbele yenu njia moja tu ya mawe inayopanda katikati ya misonobari. Kufunga njia kunalinda miti, na kunawalinda pia watu na wazimamoto ambao wangelazimika kuwafuata. Kwa sababu hiyohiyo hakuna kuvuta sigara huko ndani, hakuna kuwasha jiko la safarini, na hakuna kulala porini.

Ramani hiyo utaipata katika programu ya simu iitwayo Mes Calanques, ambayo hutolewa na hifadhi yenyewe. Msiipange siku ya Calanques kama mnavyopanga siku ya makumbusho. Wekeni siku mbili au tatu zinazoweza kubadilishana, ili mkifungiwa leo mwende kesho, na msiwe na kishawishi cha kupenya kwa njia za pembeni. Faini ya kuingia siku iliyofungwa ni euro 135 kwa mtu, ingawa sidhani kama wewe ni wa kuambiwa habari za faini.

Sasa nije Sugiton. Hii ni mojawapo ya calanque zinazofikika kwa urahisi kwa usafiri wa umma, kwa sababu basi hukufikisha chuo kikuu cha Luminy na kutoka hapo unatembea hadi baharini. Kwa ajili hiyo ilifikia kupokea hadi watu 2,500 kwa siku moja katika kilele cha msimu, na kighuba chenyewe ni kidogo kuliko mnavyokiona pichani. Watu wakikosa nafasi ufukweni walikuwa wakipanda kukaa kwenye miteremko yenye kivuli cha misonobari. Ukipita pale leo, inama uangalie chini ya miti hiyo: mizizi imebaki juu hewani, imeng'arishwa na soli za viatu kama reli ya ngazi inavyong'arishwa na mikono, kwa sababu udongo uliokuwa umeifunika umeporomoka na kusombwa na mvua. Msonobari mkubwa unaweza kuvumilia hali hiyo kwa miaka mingi. Mche hauwezi. Mbegu huanguka, huota pengine, kisha hukanyagwa kabla haujafika kimo cha kidole, na hivyo msitu huzeeka bila warithi. Ndipo mwaka 2022 hifadhi ikaanza utaratibu wa kuomba nafasi kwa majira ya joto, nafasi 400 kwa siku, bila malipo yoyote. Nafasi hufunguliwa mtandaoni siku chache kabla ya tarehe unayoitaka, unapata kibali chenye msimbo kwenye simu, na walinzi hukikagua njiani pamoja na kitambulisho.

Kwa hiyo Sugiton inawezekana, ila kwa kibali, na mkikikosa msiwadanganye watoto kwamba mtajaribu bahati mlangoni. Kilima cha kutazamia kilicho juu ya Sugiton hakihitaji kibali, na mandhari yake, kwa maoni yangu, yanapita yale ya ufukweni.

En-Vau mwezi wa Julai nisingeishauri kabisa. Kutoka Cassis unapita kwanza Port-Miou, kisha Port-Pin, halafu unapanda na hatimaye unashuka genge lenye mawe yaliyolainishwa na miguu ya watu mpaka yanateleza hata yakiwa makavu. Mama hawezi, na mtoto wa miaka saba atafika chini akiwa amechoka na amemaliza maji. Hakuna bomba wala kioski popote huko ndani, na kila msimu wa joto waokoaji huitwa kuwabeba watu walioteguka vifundo au kuzidiwa na jua.

Mzamiaji_Kilifi

Salamu kwa wote. Ndugu hapo juu amelimaliza suala la nchi kavu, nami naomba nizungumzie bahari, maana ndiyo sehemu kubwa zaidi ya hifadhi hiyo: eneo lake la kiini lina hekta zipatazo 8,500 za nchi kavu na 43,500 za bahari. Nimekuwa nikifundisha kupiga mbizi katika pwani hiyo ya kusini mwa Ufaransa, na swali la dada kuhusu boti ni swali ambalo wengi hawajiulizi.

Jibu langu ni kwamba yote yanategemea nanga inatua juu ya nini. Chini ya maji yale, kuanzia karibu na uso wa bahari hadi kina cha takriban mita 40, kuna mabustani ya mmea uitwao posidonia. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna nyasi bahari zetu, na tunajua samaki wanavyozaliana ndani yake, lakini aina hii ya posidonia hupatikana Mediterania peke yake. Si mwani. Ni mmea kamili wenye mizizi, shina, majani yanayoweza kufikia urefu wa mita moja, maua na hata matunda. Shina lake hutambaa kwa sentimita chache tu kwa mwaka, na mashina ya zamani hujishikamanisha na mchanga yakajenga tabaka nene ambalo hukusanyika kwa karne nyingi, mahali pengine kwa maelfu ya miaka, huku likizika kaboni ndani yake.

Ukidondosha nanga juu ya bustani hiyo, makucha yake yanazama katika tabaka. Upepo ukigeuka, boti inazunguka, na mnyororo uliolala chini unafyeka majani yote ndani ya duara hilo. Wakati wa kuondoka, mtambo wa boti unavuta, na nanga inatoka na fungu la mashina. Kinachobaki ni shimo lenye kingo wazi, ambazo mkondo na mawimbi ya majira ya baridi huendelea kuzila. Kwa mwendo wa sentimita chache kwa mwaka, shimo la dakika ishirini za kuogelea linaweza kuwasubiri wajukuu wa aliyelichimba. Mmea huu unalindwa na sheria ya Ufaransa tangu 1988, na vyombo vyenye urefu wa mita 24 na zaidi vimekatazwa kutia nanga juu yake, ila mimi naamini kwamba wingi wa boti ndogo zinazotia nanga kila siku ya Julai na Agosti katika ghuba hizo unastahili kuogopwa vilevile.

Ikiwa mtakodi boti, basi mjue mambo machache. Kutoka juu, mchanga huonekana kama doa la buluu nyepesi inayong'aa, na bustani ya posidonia huonekana kama kiza, hivyo nanga ishushwe katikati ya doa jepesi lenye nafasi ya kutosha kwa boti kuzunguka, na ipandishwe kwa kuifuata hadi iwe wima chini ya boti, si kwa kuikokota. Kuna programu ya simu iitwayo Donia inayoonyesha ramani ya sakafu ya bahari, na manahodha wenye kujali huitumia. Ndani ya mita 300 kutoka pwani mwendo usizidi fundo 5. Lakini kama mume wako hana uzoefu wa kutia nanga katika ghuba zilizojaa waogeleaji na zenye upepo unaogeuka, ningependekeza mwache wazo hilo. Kutoka bandari ya Cassis kuna boti za abiria zenye leseni zinazozunguka ghuba kadhaa na kurudi bila kutia nanga popote. Mama atakaa kitini, atayaona magenge ya En-Vau kwa upande ambao hata wapandaji hawayaoni, na familia nyingi zitakuwa zimetumia injini moja.

Jambo jingine ni la uvuvi, kwa sababu watoto wa pwani hawakosi mshipi mfukoni. Takriban asilimia 10 ya bahari ya kiini cha hifadhi imefungwa kwa uvuvi wa aina zote, wa kibiashara na wa kujifurahisha. Sehemu zilizobaki zina masharti yake. Na hata nje ya maeneo hayo, chewa wa Mediterania analindwa: kumvua kwa mkuki wa chini ya maji kumepigwa marufuku tangu 1993 katika pwani hiyo ya Ufaransa. Chewa huanza maisha akiwa jike na hugeuka dume akishakuwa mkubwa, kwa hiyo wavuvi wa mkuki waliokuwa wakichagua samaki mkubwa kuliko wote walikuwa wakiondoa madume na kuwaacha majike bila wenzi. Alikuwa amekaribia kutoweka pale. Leo mtoto mwenye miwani ya kuogelea anaweza kumwona akiwa amekaa mdomoni mwa pango lake, akimtazama bila hofu, na huwa nafurahi kila nikiwaona watoto wakitoka majini wakisimulia habari hizo badala ya kutaka kumbeba nyumbani.

Mwananchi_wa_Kawaida

Ninaheshimu mlichoandika, lakini naomba niseme upande wa pili, kwa kuwa nimeishi Marseille kaskazini, kwenye maghorofa ambayo mtu hutumia zaidi ya saa nzima ndani ya basi na metro kufika baharini. Kwa vijana wa kule, Sugiton ilikuwa ndiyo bahari inayofikika bila gari na bila fedha. Walipoweka nafasi 400, nani alizipata? Yule mwenye simu nzuri, anayesoma Kifaransa cha kiofisi vizuri na anayekumbuka kuingia mtandaoni saa ileile nafasi zinapofunguliwa. Mtalii amepanga likizo yake miezi mitatu kabla, na kijana wa mtaani huamua kwenda kuogelea asubuhi ileile kwa sababu nyumbani kuna joto la kutisha.

Tena mnazungumzia nyayo za watu kama kwamba ndizo uharibifu pekee. Majitaka ya jiji zima yamekuwa yakitolewa baharini Cortiou, mahali ambapo sasa ni katikati ya hifadhi, tangu mwisho wa karne ya 19, na mtambo wa kuyasafisha haukuwepo mpaka 1987. Mtu mmoja anayekaa chini ya msonobari anaambiwa ahesabiwe, na bomba la jiji limeachwa karne nzima. Sisemi kwamba ukomo haufai. Ninasema kwamba anayeambiwa awajibike ni mara nyingi yule aliye rahisi kumsimamisha njiani.

Mngazidja_wa_Marseille

Ndugu yangu, hoja yako ni ya kweli, na kuhusu Cortiou hujatia chumvi hata kidogo. Naongezea kwamba kuna mmea mdogo wa miiba, aina ya astragalasi, unaoota kando ya bahari hapa Marseille na sehemu nyingine chache mno, ambao umeathiriwa na vyote viwili: hukanyagwa na watembeaji, na huunguzwa na rasharasha za bahari zenye mabaki ya sabuni zinazotokana na majitaka. Mtu akitaka kuona makosa ya jiji na makosa ya mgeni yakikutana katika kichaka kimoja, atembee njia ya Callelongue.

Hata hivyo mimi ninautetea ukomo wa Sugiton, na sababu yangu ni ile bei yake, yaani sifuri. Wangeweza kutoza kiingilio, au kuacha maegesho ya magari yaamue nani aingie, kama inavyotokea sehemu nyingi za pwani hii. Walichagua mgawo usiouzwa. Kilichobaki kinachohitaji kupiganiwa ni namna ya kuugawa: sehemu ya nafasi itengwe kwa vituo vya vijana na shule za mitaa ya kaskazini, na maelezo yatolewe kwa lugha zinazosemwa mitaani kwetu. Hilo nitalisema popote nitakapopewa nafasi, na ningependa tulisemee pamoja. Lakini udongo ukishaondoka Sugiton, hata yule kijana atakuwa amepoteza pahala pake.

Kuna jambo moja katika mwenendo wa hifadhi hii ambalo limenivutia sana: badala ya kuendelea kuchapisha picha za ghuba tupu zenye maji ya kioo, iliamua kuonyesha katika tovuti yake picha za ufukwe uliosongamana, na kueleza wazi kwamba maji yanaweza kuwa baridi na njia ni ngumu. Kwa taasisi inayopokea watalii huo ni ujasiri. Picha ndizo zilizowaleta watu kwa maelfu katika kighuba kilekile, ilhali kuna kilometa za pwani ambako hakuna msongamano.

BintiPangani

Ninawashukuru sana, na nimesoma majibu yote kwa sauti mbele ya mume wangu na mama. Mama ameguswa zaidi na habari ya mizizi, na amesema hataki mtu yeyote apande mlima kwa niaba yake.

Wazo la boti ya kukodi tumeliacha. En-Vau tutaiona kutoka boti ya abiria ya Cassis, na Sugiton tutaomba kibali kwa ajili ya mume wangu na mtoto mkubwa tu, mimi na mama tutabaki na mdogo. Ndugu Mwananchi, hoja yako imenifanya nisite hata kuomba nafasi hizo mbili, na nikizipata kisha tukabadili mpango nitazifuta mapema ili mwingine azichukue.

Ninabaki na swali moja. Siku ambayo hao wawili watakuwa Sugiton, au siku ambayo vilima vimefungwa, kuna sehemu ya hifadhi ambapo mama na mtoto wa miaka saba wanaweza kukaa kutwa, kuogelea kidogo na kuona kitu cha maana?

Mzamiaji_Kilifi

Dada, nendeni Frioul. Ni visiwa vilivyo mbele ya Marseille, navyo ni sehemu ya hifadhi hiyohiyo. Kivuko huondoka Bandari ya Zamani katikati ya jiji na safari ni ya takriban nusu saa, kikipita karibu na ngome ya If. Visiwa vikubwa viwili, Ratonneau na Pomègues, viliunganishwa na ukuta wa mawe baharini katika miaka ya 1820, kwa hiyo mnaweza kutembea kutoka kimoja hadi kingine. Bandarini kuna mahali pa kula, na ufukwe wa Saint-Estève upo Ratonneau, mwendo wa kutembea ambao mama ataumudu akipumzika njiani.

Msishangae kuona visiwa vikiwa vikavu, vyeupe na bila miti mingi. Mimea inayostahimili pale ni ya chini, mingi inafanana na nyasi kavu au matakia madogo ya miiba, na ndiyo iliyo adimu, kwa hiyo mwambie mtoto abaki kwenye njia zilizowekewa alama hata pale ambapo pembeni panaonekana kuwa jangwa tupu. Kuna pia ndege wa baharini wanaotaga katika mashimo ya miamba na kurudi kwenye viota usiku pekee, na ndiyo sababu baadhi ya pembe za visiwa zimefungwa. Shakwe mtawaona wenyewe, tena watawafuata. Msiwape chakula hata kipande cha mkate, kwa kuwa tayari wameongezeka mno kutokana na mabaki ya jiji, na wingi wao huikandamiza mimea ileile adimu kwa samadi na kwa kukanyaga.

Ufukweni huenda mkakuta marundo ya majani ya kahawia, na ndani yake mipira midogo ya nyuzi kama pamba ngumu, ukubwa wa limau. Hiyo ni posidonia iliyokufa kwa kawaida yake na kusukumwa nchi kavu. Marundo hayo huvunja nguvu ya mawimbi na kuzuia mchanga usiondoke, hivyo yaacheni yalivyo, na mtoto anaweza kuketi juu yake akachezea mipira hiyo kisha akairudisha. Kuhusu mafuta ya jua, fulana ya mikono mirefu ya kuogelea ni bora kuliko mafuta kwa mtoto na kwa bahari pia, na kwa mama kofia pana inatosha.

Mngazidja_wa_Marseille

Naongezea mawili ya vitendo. Mistral ikivuma sana vivuko vya Frioul huenda visifike kisiwani au visiondoke kabisa, kwa hiyo siku ambayo vilima vimefungwa kwa sababu ya upepo ndiyo hiyohiyo ambayo Frioul inaweza kuwa haifikiki. Ulizeni kwenye kibanda cha tiketi asubuhi kabla hamjamtoa mama nyumbani. Siku ya namna hiyo mpelekeni kwenye nakala ya pango la Cosquer, hapohapo mjini karibu na bahari. Pango halisi liko ndani ya hifadhi, mlango wake umezama mita 37 chini ya maji, na lina michoro ya farasi na hata ndege wa baharini iliyochorwa na watu wa kale, mingine ikiwa na umri wa takriban miaka 27,000. Limefungwa kwa umma, na nakala ilifunguliwa 2022 ili watu walione bila kuligusa.

La pili: mume wako na mtoto wachukue maji angalau lita mbili kila mmoja na waanze kutembea kutoka Luminy mapema asubuhi, kwa sababu njia ya kurudi ni ya kupanda na saa sita mchana ile miamba myeupe hurudisha joto lote usoni. Viatu viwe vya kufunga, si ndala. Wakiona moshi popote wapige 112, na Marseille watakaokuja ni wazimamoto wa jeshi la majini, ambao hutaka kujua jina la calanque au la njia mliyopo, kwa hiyo walishike jina hilo tangu wanapoanza kutembea.